Begi Namba Tisa

Katika nchi yetu, ambayo sitaitaja jina kwa sababu fomu za kuomba ruhusa ya kuitaja zimekwisha, kuna wizara thelathini na nne. Mimi nafanya kazi katika ile ya mwisho, Wizara ya Mizigo ya Mkononi. Ni karani wa daraja la tatu. Zamani nilikuwa wa daraja la pili, na jinsi nilivyoshuka ndiyo habari ninayotaka kuisimulia. Sisimulii kwa kulalamika, maana kulalamika kuna idara yake na mimi simo.

Wizara yetu ilianza hivi. Mheshimiwa Dakta Fukuto Bandawe, ambaye sasa ndiye waziri wetu lakini wakati huo alikuwa waziri asiye na wizara, alisafiri ng'ambo kwa ziara ya mafunzo, na masanduku yake kumi na moja yakapotea njiani. Siku mbili alisimama mbele ya ule mkanda unaozungusha mizigo uwanjani, akitazama masanduku ya wenzake yakipita. Siku ya pili akamwona bwana mmoja mwembamba akishuka kwenye ndege na begi moja mgongoni. Bwana yule hakusimama popote. Alipita moja kwa moja hadi mlangoni huku akipiga mluzi. Mheshimiwa anasema machozi yalimtoka.

Aliporudi akahutubia taifa.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Ni nani aliyetudanganya kwamba binadamu anahitaji jozi mbili za viatu? Kwani ana miguu mingapi?"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Magari saba yaliyobeba nguo zake, maji yake na kiti chake yalikuwa yamezimwa injini ili tumsikie vizuri.

Sheria ikapita kwa siku moja. Tangu hapo hakuna raia anayeondoka nchini kwa ndege ila na begi moja la mgongoni, lenye urefu usiozidi sentimita hamsini na tano, upana thelathini na tano, unene ishirini, na uzito wa kilo saba likiwa limejaa. Begi lazima lipimwe, lijadiliwe, kisha lipewe kibali. Nia ilikuwa njema. Katika miaka yangu yote ya utumishi sijawahi kufanya kazi chini ya nia mbaya.

*

Jumatatu moja asubuhi nilikuwa dirisha namba tatu nikasikia naitwa kabla sijainua kichwa.

"Ngwale!"

Alikuwa Mwalimu Sifuni, aliyenifundisha hesabu darasa la nne. Amestaafu, nywele zimekuwa nyeupe, lakini macho ni yaleyale ya kukukuta na kosa kabla hujalifanya.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Bado unaandika saba kama moja?"

Nilimwambia sasa natumia muhuri.

Shida yake ilikuwa hii. Binti yake wa pekee, Tusekile, anaishi ng'ambo. Mumewe ni fundi wa meli, na meli ilikuwa baharini kwa miezi miwili mingine. Tusekile alikuwa mjamzito, amebakiza siku ishirini na nne, miguu imevimba na presha inapanda. Daktari wake alikuwa amemkataza kukaa peke yake, na alikuwa peke yake.

"Mtoto wangu huyu si mtu wa kuomba," Mwalimu aliniambia. "Tangu aanze shule, akikuomba kitu ukakataa, harudii. Safari hii ameniomba mara tatu kwa wiki moja. 'Mama, njoo.' Basi nimekuja unipe hicho kibali niende."

Akaweka begi lake juu ya meza. Mimi nimeona mabegi mengi, na nasema bila woga kwamba lile lilikuwa begi zuri kuliko yote niliyowahi kuyakataa.

Akanieleza alivyolichagua. Alikwenda sokoni kwenye mabanda ya mitumba akiwa na kikapu chenye vitu vyote anavyotaka kusafiri navyo: kanga nne, sweta, viatu vya mpira, dawa zake, unga wa uji wa mzazi, na nguo chache za mtoto alizozifuma mwenyewe. Akamwambia mwenye banda, bwana mmoja aitwaye Lumwe, "Mimi sitazami begi. Natazama kama hivi vitu vinaingia na kama naweza kuvibeba."

Begi la kwanza lilifunguka juu tu, kama gunia. Ukitafuta sweta, unakuwa umemwaga kila kitu chini. Akalirudisha. La pili lilikuwa na magurudumu na mkono wa chuma. Akalinyanyua likiwa tupu, likawa na kilo tatu. "Nimeruhusiwa kilo saba," alisema, "nizitumie tatu kubebea magurudumu?" La tatu lilikuwa la kupendeza, lakini mikanda yake ilikuwa myembamba, inakata bega kama waya. Hilo alilijua baada ya kulijaza na kuzunguka nalo soko zima mara mbili, huku Lumwe akimfuata akidhani analiiba.

"Mama," Lumwe alimwambia akitweta, "unanunua begi au unaoa?"

"Ningekuwa naoa ningeshamaliza."

La nne ndilo hilo lililokuwa mezani kwangu. La rangi ya majivu, linafunguka katikati kama kitabu, zipu nene, mikanda ya mabegani ina sponji, na upo mkanda wa kiunoni unaoweza kuuficha ndani usipouhitaji. Ubavuni kuna kimfuko cha chupa ya maji. Alikuwa amelipima kwa rula yake ya shule: hamsini na nne, thelathini na nne, kumi na tisa. Likiwa limejaa lilikuwa na kilo sita na nusu.

"Hapo hakuna mjadala, Mwalimu," nilimwambia, na nilimwambia kwa moyo wangu wote.

*

Kipimo cha wizara ni kizimba cha chuma kilichosimikwa ukumbini, kimepakwa rangi za bendera. Begi likiingia kizimbani limefaulu. Begi la Mwalimu likaingia nusu, likagoma.

Mwalimu akalitoa, akapitisha rula yake ndani ya kizimba. "Ngwale, hiki kizimba kina sentimita hamsini na mbili."

Ilikuwa kweli, na pale wizarani wote tulijua. Mkandarasi aliambiwa atengeneze kizimba cha hamsini na tano, akatengeneza cha hamsini na tano kwa nje. Chuma chenyewe kilikula tatu. Jambo lile lilijadiliwa kwenye vikao vinne. Kubadilisha kizimba kungemaanisha kwamba kilikosewa, na kilikuwa kimeshazinduliwa na Mheshimiwa mwenyewe kwa kukata utepe. Kikao cha nne kikaona ni rahisi zaidi kubadilisha sentimita.

Nikamwita mkuu wangu, Bwana Mkwizu, Mkurugenzi wa Vipimo, mtu mpole anayetembea na kalamu tano mfukoni na hana hata moja inayoandika.

"Mama," Bwana Mkwizu alimweleza kwa upole, "hiyo rula yako inatumia sentimita za zamani. Sisi sasa tunatumia sentimita ya taifa."

"Sentimita ya taifa ina ukubwa gani?"

"Inatosha kufanya hizo hamsini na mbili zako ziwe hamsini na tano."

 Nilimwona Mwalimu akifungua mdomo, akaufunga. Nadhani alikuwa anatafuta mahali pa kuanzia, kama anavyofanya mwalimu akikuta mtoto amekosa tangu swali la kwanza.

"Nimefundisha miaka thelathini na sita," alisema hatimaye. "Nimewafundisha watu wa nchi hii sentimita. Na wewe pia umezaliwa ukapimwa kwa sentimita hizi."

"Usemayo ni kweli, mama. Faili langu la kuzaliwa linafanyiwa marekebisho."

*

Kwa kuwa wizara yetu haimkatii mtu tamaa, begi lililoshindwa kizimbani hupelekwa kwenye Kamati ya Kuridhia Mabegi. Kamati ina wajumbe saba na hukutana Alhamisi. Alhamisi ya kwanza walikosa akidi. Alhamisi ya pili walikuwepo wote, lakini ikawa siku ya kumuaga mjumbe wa nane ambaye alikuwa hajawahi kuteuliwa. Mwalimu Sifuni aliingia Alhamisi ya tatu, na siku zilizobaki zilikuwa saba.

Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu za kikao, kwa hiyo ninayoyasema yapo kwenye faili.

Mjumbe wa kwanza alitaka kujua kwa nini begi lina mifuko mingi kiasi kile. Raia mwenye mifuko tisa ana mambo tisa ya kuficha. Wa pili akauliza kuhusu rangi. Rangi ya majivu, alisema, ni ya mtu ambaye hajaamua yuko upande gani. Wa tatu akakishika kile kimfuko cha chupa ya maji.

"Huku unakokwenda, unakusudia kupata kiu?"

"Nikipata kiu, nitakunywa," Mwalimu akajibu.

"Unaposafiri na chupa, wageni watafikiri nchi yetu haina maji."

"Nyumbani kwangu hayajatoka tangu Jumapili."

Mwenyekiti akaniambia jibu lile nisiliandike. Kisha akauvuta mkanda wa kiunoni, akaunyoosha mbele ya wenzake, akapunguza sauti. "Mtu hajifungi kitu kiunoni ila anajiandaa kukimbia. Mama, unamkimbia nani?"

Hapo simu ya Mwalimu ikalia. Alisimama akaipokea palepale mbele ya kamati, jambo ambalo kanuni ya kumi na mbili inalikataza, na hakuna aliyethubutu kumkataza. Sote tukasikia sauti ya Tusekile, nyembamba, ikisema amelazwa, kwamba daktari hataki tena kusubiri tarehe, kwamba huenda wakampasua. "Umefika wapi, mama?" aliuliza.

"Niko kwenye begi," Mwalimu alisema. Akakata simu, akawageukia. "Mmemsikia?"

Walimsikia. Wakasikitika sana, mmoja alitoa leso. Kisha wakapiga kura, saba kwa sifuri, kwamba begi likataliwe na lizuiwe wizarani kama kielelezo, na kwamba mwombaji ashauriwe kununua Begi la Taifa.

Nilikuwa nimeshika kalamu. Niliandika. 

*

Begi la Taifa linauzwa katika duka moja tu nchini, la shemeji yake Mheshimiwa, mwanamke mchapakazi ambaye alishinda zabuni kwa kuwa wengine hawakuambiwa kwamba ipo. Niliomba ruhusa ya saa moja nimsindikize Mwalimu.

Begi lilikuwa moja, ndani ya kabati la kioo, limewashiwa taa. Lina kilo nne na nusu likiwa tupu, kwa sababu ndani yake lazima liwe na Mwongozo wa Msafiri wa kurasa mia mbili, na picha ya Mheshimiwa yenye fremu. Zipu imeshonwa kwa ndani ili wezi wasiione.

"Sasa mimi nitalifunguaje?" Mwalimu aliuliza.

"Wengi wanauliza hivyo," alisema muuzaji kwa fahari.

"Basi nipe. Nipe hilohilo. Sitaki kulifungua, nataka kuondoka tu."

"Hilo ni la kutazamwa, mama. Mengine bado yako bandarini."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa pili huu. Forodha wameyazuia. Yamekuja elfu sita kwa pamoja, na sheria inaruhusu begi moja."

Mwalimu Sifuni akaketi kwenye ngazi ya duka. Sikuwahi kumwona ameketi chini. Darasani alikuwa anasimama tangu kengele ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Ngwale," alisema, "ninyi mnajua mnachofanya?"

Nilimjibu kwamba nilikuwa naifahamu vizuri sehemu yangu. Alinyanyuka, akajikung'uta vumbi, akaondoka. Afadhali angenichapa.

*

Kesho yake alikwenda uwanja wa ndege bila begi. Alikuwa amepiga hesabu zake. Sheria inataka begi lisizidi kipimo. Asiye na begi hana cha kuzidi. Alivaa gauni, sweta na viatu vya mpira, akashika pasipoti, tiketi na simu, basi. Unga wa uji aliuacha. Nguo za mtoto zilikuwa zimebaki kwenye begi lile tulilolizuia.

Askari wa lango akamtazama mgongoni, akamzunguka, akamtazama tena.

"Begi lako liko wapi?"

"Sina begi."

"Haiwezekani. Sheria inasema msafiri mmoja, begi moja. Wewe una mangapi?"

"Sifuri."

"Sifuri ni moja?"

"Sifuri ni pungufu ya moja, mwanangu."

"Hilo ndilo kosa lenyewe," askari alisema. "Mwenye mawili tunamwambia apunguze. Wewe nikwambie upunguze nini?"

Wakamweka kando, kwenye benchi la wahalifu wa mizigo, na kwa kuwa kosa lake halikuwa na fomu, wakapiga simu wizarani waletewe karani. Nilitumwa mimi. Nilipofika, ndege yake ilikuwa inakimbia kwenye njia ya kurukia. Alikuwa ameipa mgongo.

"Wanampasua kesho mchana," aliniambia. "Amenipigia tena. Hakuniambia 'njoo.' Amesema, 'Basi, mama, usijali.'"

Hilo la kwamba mtoto ameacha kuomba ndilo lililomvunja. Alilia bila sauti, huku amenyoosha mgongo. Na mimi, ambaye nimekula mshahara wa serikali miaka kumi na moja bila kuhisi chochote, nilihisi joto likipanda shingoni. Nilitaka kupiga kitu. Pale karibu kulikuwa na kizimba kingine kama chetu. Nikakipiga teke, nikaumia kidole.

*

Nilirudi wizarani nachechemea, nikakuta vurugu. Mheshimiwa alikuwa amealikwa kwenye Mkutano wa Dunia wa Kusafiri kwa Begi Moja, awe mgeni wa heshima, katika mji uleule anaoishi Tusekile. Ndege ya kukodi ilikuwa inaondoka jioni ile. Msafara ulikuwa na watu sita. Masanduku yalikuwa kumi na manne.

Mheshimiwa ni mtu wa sheria. Alikataa katakata kuivunja. Wanasheria wa wizara walikuwa wamefungiwa chumbani tangu asubuhi, wakatoka na ufumbuzi: sheria inasema kila msafiri awe na begi moja, lakini hakuna mahali inapomkataza kiongozi kuwa na wasafiri wengi. Kwa hiyo kila sanduku litafutiwe mtu wake. Kuhusu ukubwa, mabegi ya msafara hayapimwi. Yanakadiriwa.

Bwana Mkwizu alikuwa anakimbia huku na huku na orodha. Alikuwa ameshachukua wafagiaji watatu, mpishi, dereva, mpiga tarumbeta wa ikulu, na mtu mmoja aliyekuja kulipia maji akaambiwa aingie kwenye gari.

"Bado begi namba tisa!" alikuwa akipiga kelele. "Begi namba tisa halina mtu! Ngwale, una pasipoti?"

"Mimi sina, mkuu. Lakini namjua mtu asiye na begi."

Alisimama. Sijawahi kuona mtu akifurahi vile. "Hana hata moja?"

"Hana hata moja. Amekamatwa kwa kosa hilohilo. Na hati zake za safari zimekamilika."

Ndivyo Mwalimu Sifuni alivyotolewa kwenye benchi la wahalifu na kuingizwa mlango wa watu mashuhuri. Alipewa beji iliyoandikwa *Msafiri wa Begi Namba Tisa*. Sanduku lenyewe lilikuwa la ngozi, kubwa kiasi cha mbuzi kulala ndani akajinyoosha. Nikajaza fomu mwenyewe, palepale uwanjani. Kwenye safu ya msafiri niliandika jina lake. Kwenye safu ya mwenye mali niliandika jina la Mheshimiwa, kwa kuwa ndiye mwenye mali. Hilo ndilo kosa lililonishusha cheo, nami nalikubali: ile safu huwa inaachwa wazi.

"Ngwale," aliniambia wakati wanamvuta, "ukirudi, zitoe nguo za mtoto kwenye lile begi. Zisiliwe na nondo."

*

Yaliyofuata nimeyapata kwake kwa simu.

Walitua asubuhi. Wakapita sehemu ya ukaguzi, na Mwalimu akaenda moja kwa moja kwa afisa wa kule, dada mmoja aliyekuwa anakula tufaha, akaliinua lile sanduku kwa nguvu zake zote ili lipimwe. Dada akamwambia apite. Mwalimu akauliza kizimba kiko wapi. Dada hakuelewa. Mwalimu akamwonyesha beji, pasipoti, na barua ya wizara yenye mihuri minne. Dada akamwomba radhi, akamwambia tena apite. Anasema alisimama pale mpaka watu wa nyuma yake wakaanza kunung'unika, kwa sababu miguu ilikuwa haiamini.

Kisha simu ikalia. Alikuwa nesi: wamemwingiza chumba cha upasuaji mapema kuliko walivyopanga. Mwalimu akatoka mbio, akaingia teksi ya kwanza, na ni pale hospitali, alipokuwa anashindwa kupita mlango wa wodi, alipotambua kwamba bado analivuta begi namba tisa.

"Ulilichukua kwa makusudi?" nilimuuliza.

"Nilikuwa nimelishika. Sikukumbuka kuliachia."

Alisubiri saa moja na dakika ishirini. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo, mwenye hasira. Tusekile alitolewa akiwa mweupe kama karatasi. Alipofungua macho akamwona mama yake, akayafumba, akayafungua tena ahakikishe.  Alimshika kidole gumba tu, kama alivyokuwa akimshika barabarani alipokuwa mdogo, na hakukiachia hadi dawa zilipomrudisha usingizini.

Siku waliyoruhusiwa kwenda nyumbani Mwalimu alilifungua sanduku. Ndani alikuta mataulo sita mazito yaliyotariziwa jina la Mheshimiwa, kanzu mbili za hariri za kulalia, mashati tisa, suti mbili za jukwaani, ndara za manyoya, na hotuba iliyochapwa yenye kichwa *Heri Msafiri Mwepesi*. Mtoto akafungwa kwenye taulo, likamfaa sana.

Kule mkutanoni mambo yalimwendea vizuri Mheshimiwa. Begi lenye nguo zake za jukwaani na hotuba yake lilikuwa halijulikani lilipo, kwa hiyo ilimbidi apande jukwaani na suruali ya michezo aliyosafiria, mikono mitupu. Alipapasa mifuko ya ile suruali, yote mitupu.

"Nimekuja kama mnavyoniona," alisema mwishowe. "Sina kitu."

Ukumbi mzima ulisimama. Walimpigia makofi dakika tisa. Walisema hawajawahi kuona kiongozi anayeishi maneno yake namna ile. Wakampa nishani ya dhahabu, na kwa kuwa ilikuja na sanduku lake, ilibidi atafutwe mtu wa kumi na tano.

*

Mwalimu Sifuni hajarudi. Alipouliza ubalozini, alijibiwa kwamba aliyetoka na begi namba tisa atarejea na begi namba tisa, na vitu vyote kama vilivyokuwa. Basi wizara ikamwandikia kudai begi. Jibu lake lilifika wiki iliyopita. Halikuwa na maneno ila picha. Sanduku la Mheshimiwa limefunguliwa, limewekwa juu ya viti viwili, karibu na dirisha. Upande mmoja umetandikwa kanzu ya hariri, na juu yake mtoto amelala chali, ngumi zote mbili juu, mdomo wazi.

Nikaipeleka kwa Bwana Mkwizu. Aliitazama, akavaa miwani, akaitazama tena. Nilidhani nimeona tabasamu, lakini alikuwa anapiga chafya.

"Andika kwamba begi limepotea," akaniambia.

"Halijapotea, mkuu. Anwani ipo nyuma ya picha. Na ndani yake kuna mtoto amelala."

"Ndiyo maana nasema limepotea. Likionekana, itabidi tumtoe."

Nikaandika limepotea. Nilipotoka nikaiweka picha kwenye droo yangu, pamoja na vile visweta vidogo viwili na kofia, ambavyo nimeviombea kibali cha kuvituma na bado nasubiri Alhamisi.

Dirishani walikuwa wameshapanga foleni, watu mia mbili na zaidi, hadi nje kwenye jua. Mwanamke wa mbele alikuwa amelikumbatia begi la bluu, na kabla sijaketi alianza kunieleza kuhusu mdogo wake, mgonjwa, yuko mbali, hana mtu. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwambia kile ambacho tumeagizwa kuwaambia kila siku ya Jumatatu, kwamba leo mtandao hakuna, ajaribu kesho.